Mtindo wa Kifaransa, Mbali na Paris: Majibu ya Maswali Yenu

Mwezi uliopita niligusia hapa Fête de la Musique, sikukuu ya muziki ya Juni 21 ambayo Wafaransa waliianza mwaka 1982 na leo husherehekewa hata Nairobi. Nilidhani nimemaliza. Kumbe wengi wenu mnavipenda vya Kifaransa ila mnaviona ni vya mwenye visa na nauli ya ndege. Sikubaliani, na leo najibu baadhi ya maswali yaliyonifikia.

Shikamoo dada. Ni mwalimu wa shule ya msingi, niko Morogoro. Napenda wanawake wa Paris wanavyovaa, nguo chache lakini zimetulia. Nikitazama bei mtandaoni nakata tamaa. Nianzie wapi?

Marahaba, mdogo wangu. Anzia kwa fundi wako.

Ufaransa, jina haute couture linalindwa na sheria tangu 1945. Nyumba ya mitindo haijiiti hivyo mpaka itimize masharti, na mojawapo ni kumshonea mteja nguo kwa vipimo vya mwili wake. Kule hiyo ni anasa ya watu wachache mno. Wewe unanunua kitambaa sokoni, fundi anavuta futi, anakupima bega, kifua na kiuno, na akiwa mtu wa ahadi Ijumaa unavaa. Nguo unazozipenda kwenye picha zimekukosha kwa sababu zimekaa mwilini. Mshono wa bega unaishia bega linapoishia, mkono haumezi kiganja, pindo la suruali linagusa kiatu bila kujikunja. Mwambie fundi mambo hayo matatu, na usione haya kuirudisha nguo mara ya pili ikarekebishwe.

Ukitaka kitu kimoja cha Kifaransa hasa, tafuta fulana ya milia, ile wanayoiita marinière. Ilikuwa sare ya mabaharia. Amri ya jeshi la majini ya mwaka 1858 ilipanga mpaka hesabu ya milia: myeupe 21, kila mmoja milimita 20, na ya buluu ya nili yenye upana wa milimita 10, yaani nusu ya ule mweupe. Mbunifu wa mitindo Coco Chanel, aliyefungua duka Deauville ufukweni mwaka 1913, ni miongoni mwa walioitoa melini wakaifanya vazi la wanawake. Kwenye mitumba fulana hizo hazikosekani. Igeuze ndani nje, kagua makwapa na mishono ya ubavuni, vuta kidogo uone kama pamba bado ina uhai. Ivae na sketi ya kitenge chenye rangi moja kuu. Nimeijaribu na inapendeza sana.

Na tafadhali, mkoba wenye herufi za kughushi uache dukani. Kikapu cha ukindu kilichosukwa vizuri kinakaa na fulana hiyo kuliko ngozi bandia yoyote.

Mimi ni mke wa mtu, Mombasa. Natamani manukato ya Kifaransa, lakini mama mkwe anasema mwanamke wa Pwani ana udi na asumini, manukato ya Wazungu ni ya nini? Nimjibu vipi kwa heshima?

Mwambie, dada yangu, kwamba manukato ya Wafaransa yana ua analolijua yeye. Chanel No. 5, iliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921, ina asumini na waridi, na ina langilangi. Ndiyo, langilangi hiihii inayosokotwa kwenye kikuba. Kwa miaka mingi mafuta yake yamekuwa yakitoka Komoro, kwa watu ambao lugha yao na yetu ni ndugu. Maua huchumwa alfajiri kabla jua halijayapunguza nguvu, kisha hutiwa kwenye mtungi wa kukenekea siku hiyohiyo.

Kuna na hadithi ya karafuu, nayo inaelekea upande wa pili. Waholanzi walikuwa wameihodhi kule Maluku, visiwa vya Indonesia ya leo. Mfaransa Pierre Poivre akafanya mpango miche itolewe kwa siri, ikafika kisiwa ambacho leo ni Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vya Wafaransa vya eneo hilo ndipo karafuu ikaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo mama mkwe akijifukiza, na kikuba kikiwa na karafuu ndani, Ufaransa imeshapita katika chumba hicho zamani. Nadhani hilo atalisikiliza, hasa ukimwambia huku unamtilia chai.

Sasa ya matumizi. Kwa joto la Mombasa na jasho lake, mchana vaa eau de toilette, ambayo ni nyepesi, na ile nzito yenye jina eau de parfum iwe ya jioni. Usiisugue kwenye viganja; dondoshea na uache ikauke. Chupa isikae dirishani wala bafuni, maana mwanga na joto huiharibu. Na udi usiuache! Fukiza nguo kwanza kwenye chetezo, subiri moshi utulie, ndipo utie manukato yenye maua. Omani walishalijua hilo: kampuni yao ya manukato, Amouage, ilipoanzishwa mwaka 1983, manukato yake ya kwanza, yenye ubani wa Dhofar, yalitungwa na Mfaransa, Guy Robert. Ukimpata mama mkwe siku yuko radhi, mnunulieni kichupa kidogo mtumie wawili.

Mama, jambo. Niko Bukavu, nina miaka 24, napenda kuvaa kama sapeur, wale mabwana wa suti nadhifu. Baba mkubwa anasema ninaiga Wazungu na ninapoteza pesa. Nani ana haki?

Mwanangu, kila mmoja wenu ana haki upande mmoja.

Baba mkubwa amekosea kwenye kuiga. Suti ilitoka Ulaya, sawa. Lakini La Sape, yaani mtindo huo wa masapeur, ilizaliwa Brazzaville na Kinshasa, na hakuna Mfaransa aliyeitunga ile namna ya kutembea, kusimama, kufungua koti ili bitana ionekane, na kutokuzidisha rangi tatu mwilini. Mobutu alipopiga marufuku suti na tai na kuwavika watu abacost, jina lililotoka kwenye à bas le costume, yaani suti ziangamie, kijana aliyevaa suti nadhifu Kinshasa alikuwa anasema neno zito bila kufungua mdomo. Mwanamuziki Papa Wemba aliibeba hiyo mpaka jukwaani, na alifia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 akiwa amevaa kama alivyohubiri. Paris ilitoa kitambaa na viatu. Maana yake waliitia Wakongo, na leo wapiga picha na wabunifu wa Ulaya ndio wanaokuja kuwatazama ninyi. Mweleze hivyo, kwa upole.

Kwenye pesa, baba mkubwa yuko sahihi na nitasimama naye. Nimeona vijana wanaokopa ili wavae viatu vya Weston, vile vya Kifaransa vya bei kubwa, huku mama zao wanakopa unga. Uungwana wa sapeur, kama wazee wa La Sape wenyewe wanavyoueleza, unaanza na tabia: usafi, maneno mazuri, kutogombana. Mwenye deni la kiatu hana utulivu huo. Nunua koti moja la mtumba la sufu, mpe fundi alipunguze kiuno, tafuta viatu vya ngozi halisi hata kama vimevaliwa, kisha jifunze kuvitunza. Mvua za Bukavu zina matope, kwa hiyo usivikaushe juani wala karibu na jiko: jaza magazeti ndani vinyonywe maji, na siku ya pili paka rangi tabaka jembamba jembamba. Kiatu kilichong'arishwa miaka mitano kinapendeza kuliko kipya, na baba mkubwa atakuwa wa kwanza kuja kukiazima kwako.

Nimejaribu kupika croissant hapa Dar mara nne, siagi inatoka yote. Nakosea wapi?

Hukosei popote, ni hali ya hewa. Siagi huanza kulegea mapema na ikikaribia nyuzi 30 imeshakuwa laini mno. Jikoni kwako Januari ni zaidi ya hapo, na croissant yote ni kuikunja siagi baridi katikati ya unga mara kadhaa bila vichanganyike. Fanya mwezi Julai, saa kumi alfajiri, na kila mkunjo urudishe friji nusu saa. Tena mzizi wa croissant ni Vienna. Kitafunwa cha huko kiliingia Paris na mfanyabiashara Mwaustria, August Zang, mwishoni mwa miaka ya 1830, ndiyo maana hadi leo Wafaransa huita vitafunwa vya namna hiyo viennoiserie.

Ushauri wangu ni uache kwanza croissant, uoke mkate. Bageti imo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2022, na sheria ya Ufaransa ya 1993 inasema ile inayoitwa ya tradition haigandishwi wala haitiwi viambatisho vya kiwandani: ni unga, maji, chumvi, na hamira au chachu. Chukua unga wa ngano gramu 500, maji mililita 340, chumvi gramu 10 na hamira kavu gramu 3 tu. Changanya jioni, funika, weka friji hadi asubuhi. Usiku huo mrefu ndio unaoleta ladha, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha kwa kuongeza hamira. Asubuhi gawa mikate mitatu, inyooshe, iache iumuke kama dakika 45, ichane juu kwa wembe mpya. Chini ya oveni weka karai la maji yanayochemka ili mvuke ulainishe ngozi ya mkate, joto nyuzi 240, dakika 22 hadi 25.

Huna oveni? Sufuria nzito yenye mfuniko, ipashwe moto kwanza, mkate uwe wa duara, na makaa mengi yawe juu ya mfuniko kuliko chini, kama unavyooka keki. Umbo si la Paris, lakini ganda litalia unapolivunja.

Mimi Mwislamu, sinywi. Je, chakula cha Kifaransa kina maana bila divai?

Kina maana kabisa. UNESCO ilipouorodhesha mlo wa Wafaransa mwaka 2010, uzito ulikuwa kwenye kukaa pamoja na mpangilio: kianzio, samaki au nyama na mboga, jibini, kitamu cha mwisho. Leta sahani moja baada ya nyingine badala ya kujaza meza, na usiondoke mezani kabla mazungumzo hayajaisha. Jagi la maji yenye ndimu linatosha. Neno divai lenyewe tumelipata kwa Wafaransa, kutoka du vin.

Nimestaafu, niko Bagamoyo. Naomba mchezo wa Kifaransa kwa sisi wazee, usiwe wa mbio.

Shikamoo, mzee wangu. Ni pétanque, uliotoka La Ciotat karibu na Marseille mwanzoni mwa karne ya 20, na huko wazee ndio wenye uwanja. Hauhitaji nyasi, mchanga mgumu chini ya mwembe unafaa. Mnarusha kijipira kidogo cha mbao umbali wa mita 6 hadi 10, kisha kila mmoja, miguu yote miwili ikiwa chini, anarusha mpira wa chuma wa gramu 650 hadi 800 aukaribie. Aliye karibu zaidi anapata pointi, wa kwanza kufika 13 ameshinda. Jirani zetu wa Madagascar waliwahi kuwa mabingwa wa dunia, mwaka 1999 na tena 2016. Mipira ya chuma ikikosekana, anzeni na mawe ya mviringo yanayolingana, na kahawa iwe karibu.