Pointi za chupa zimeleta soda nyumbani

SWALI: Nina watoto wanne, wa miaka 7 hadi 14. Tuliwaahidi pointi moja kwa kila chupa ya plastiki au kopo watakalotia kwenye polo la kuuza. Mwanzo walikimbizana, sasa kila siku wanadai soda, na mnunuzi amelikataa polo kwa uchafu. Tuache?
Mama wa Jang'ombe, Unguja

JIBU: Msiache, Bibie. Mtoto anayelipwa kwa idadi ataongeza idadi, na njia nyepesi ni kununua. Pointi zitolewe kwa kazi ya kuitayarisha chupa: ikisuuzwa, ikabanduliwa lebo, ikavuliwa kifuniko na kukandamizwa, pointi 2. Ikikosa kimoja, sifuri. Chupa yenye mabaki ikikutwa poloni, timu nzima ikatwe 3, maana soda kidogo tu humwagikia mzigo wote na kuvuta nzi na sisimizi. Ya kusuuzia ni maji ya mwisho ya vyombo. Msifungue mfereji kwa ajili ya chupa. Iliyookotwa jaani isihesabiwe kabisa, kwa usalama wao.

Utamu wa mchezo uko kwenye kubashiri. Jazeni beseni maji. Plastiki ya chupa za maji na soda, yenye nambari 1 ndani ya pembetatu, ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Vifuniko vyake huelea. Mtu mzima akate kipande, mtoto aseme kwanza, kisha akizamishe kwa kidole mapovu yatoke. Hewa ikibaki, hata kizito huelea, na hapo ndipo ugomvi huanza. Akipatia, pointi 1. Kwa makopo tumieni sumaku: la alumini halinaswi, la tungule hunaswa.

Mkubwa na mdogo wawe timu moja, la sivyo wa miaka 7 atashindwa kila wiki na atajitoa. Ubao wa pointi ufutwe kila Ijumaa. Zawadi isiwe soda wala pesa: timu iliyoshinda ichague chakula cha usiku, au ipumzishwe kuosha vyombo.

Pesa za polo ziwe za wote, kwa mpira au safari ya Forodhani. Waambieni mapema kuwa chupa ya nusu lita ina takriban gramu 10 hadi 20, hivyo kilo moja ni chupa 50 mpaka 100. Asiyejua hilo huvunjika moyo siku ya mizani.

Machicha ya nazi na maganda yakae kwenye ndoo yake yenye mfuniko, nje ya mchezo.