Wasifu wa Watu 400 Si Mtaji wa Msaka Watendaji

SWALI: Nimekuwa afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kubangua korosho kwa miaka tisa, na sasa nataka kufungua ofisi ya kusaka watendaji wakuu wa kampuni. Nimekwisha kukusanya wasifu wa watu 400. Rafiki ananishauri nimtoze kila mmoja shilingi 20,000 za kumwandikisha, ziwe mtaji. Nisomee cheti gani? – Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Cheti tukiweke kando, ndugu yangu, kwa kuwa kilichonishtua ni hizo 20,000. Msaka watendaji hulipwa na mwajiri; kumtoza mtafuta kazi kumekatazwa hata na Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, isipokuwa kwa hali chache za pekee. Ada iliyozoeleka hukaribia theluthi moja ya malipo ya mwaka wa kwanza ya mtendaji anayeajiriwa, na mara nyingi hulipwa kwa awamu tatu kuanzia siku ya kutia saini, kwa sababu mwajiri ananunua kazi ya kusaka, hanunui majina.

Hapo ndipo penye kosa linalonichosha: kudhani kwamba rundo la wasifu ndiyo biashara. Meneja anayefaa hajakuletea wasifu wake. Yuko kazini Tanga au Nacala, Msumbiji, watoto wako shuleni, wala hana habari na wewe. Ni juu yako kuketi na mwajiri hadi ujue kwa nini meneja aliyetangulia aliondoka, kuorodhesha kampuni zenye watu wa aina hiyo, kuwapigia mmoja mmoja kwa siri, kuwahoji, kuyahakiki maneno yao kwa waliofanya nao kazi, kisha kumshawishi mmoja ahamie Mtwara pamoja na mwenzi wake, ambaye mara nyingi ndiye mgumu zaidi. Miaka yako tisa itakufaa hapo kuliko cheti chochote. Leseni ya wakala wa ajira utaihitaji. Na ikiwa wasifu huo uliutoa kwenye mafaili ya kiwanda, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu.

Tangu gesi ya Mnazi Bay na mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, vianze kuzungumzwa, Mtwara na Lindi hatukosi mabwana wenye faili kwapani, wanaouza fomu za ajira ambazo hakuna mwajiri aliyewatuma kuzitafutia watu. Yeyote anayeombwa pesa ili jina lake liingie kwenye orodha ya mradi, na aombe kwanza aoneshwe barua ya mwajiri. Bwana huyo atakumbuka ghafla kwamba ana kikao Mikindani.