Waya mrefu wa mwanga: uliza kuhusu umeme kabla ya kasi

Mafundi wa kurusha ibada na harusi mubashara hapa Moshi huniuliza karibu jambo lile lile: kamera iko mbele, kompyuta iko juu roshani, nikanunue waya gani wa mwanga, yaani ule wa nyuzi za kioo badala ya shaba, wa kufika mbali? Nami huwarudishia swali: hicho kifaa cha mbele kinakula umeme wa wapi?

Waya wa shaba wa USB hubeba data na umeme pamoja, ndiyo maana diski ya nje inawaka ukiichomeka tu. Nyuzi za kioo zinapitisha mwanga peke yake. Diski iliyozoea kunyonya umeme wa kompyuta itakaa kimya mpaka uipe adapta yake, na hata kile kichwa cha mbali cha waya kina saketi inayodai umeme. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji hutembeza shaba nyembamba pembeni ya kioo. Inasaidia, lakini kuna cha kupoteza: kioo kitupu hakipitishi umeme wa radi toka jengo moja hadi jingine, na ukishaweka shaba, kinga hiyo imekwenda. Kanisa na ofisi ya parokia vikiwa majengo mawili, hasa msimu wa masika, mimi nachagua kioo kitupu na adapta kila upande.

Jingine ambalo muuzaji hatalitaja usipomuuliza: nyaya nyingi za mwanga za USB 3 hazipitishi USB 2.0, ule mfumo wa zamani wenye kasi ndogo. Mifumo hiyo miwili ina njia tofauti ndani ya waya mmoja. Kibodi, kipanya na printa nyingi bado ni USB 2.0, hivyo utachomeka na kompyuta haitaona kitu, halafu utalaumu kompyuta. Tafuta kwenye boksi maandishi yanayotaja USB 2.0 waziwazi. Ukiagiza Kariakoo, omba picha ya boksi kabla ya kutuma hela.

Wengine hawauhitaji waya wa mwanga kabisa. USB 2.0 ya shaba inafika mita 5; USB 3 huanza kusumbua ikipita mita 3 hivi. Printa iliyo mita 4 toka mezani haihitaji kioo. Thunderbolt 3, aina nyingine ya waya wa data wenye kasi kubwa, ndiyo inayobana: kwa kasi yake yote ya gigabiti 40 kwa sekunde, shaba huishia mita 2, na wa mwanga hufika 50.

HDMI ya mwanga, waya wa kupeleka picha kwenye skrini au projekta, ina mbele na nyuma. Kichwa kimoja kimeandikwa upande wa chanzo, kingine upande wa skrini. Ukigeuza, projekta haionyeshi kitu. Soma kabla hujaupitisha juu ya dari.

Pima kwa kamba, ukifuata ukuta kupanda na kushuka na kona zote, kisha ongeza mita kadhaa. Waya huu haukatwi na kuungwa kama wa taa, kwa sababu vichwa vyake vimefungwa kiwandani. Kwenye kona uache upinde mpana, na unaobaki uuviringishe duara kubwa, usiukunje.