Baba aliyeifunga sukari kwa kufuli

Mwanangu wa Jinja,

Barua yako nimeisoma usiku, nikairudia alfajiri. Unasema marehemu baba yako aliifungia sukari sandukuni, akawapimia kwa kijiko hata mbele ya wageni, na hakuwahi kukwambia "umefanya vyema". Baada ya maziko mkalifungua sanduku: bunda la noti za zamani zisizonunua hata kiberiti, na risiti zako zote za karo tangu darasa la kwanza. Sasa unajichukia, na arobaini ni wiki ijayo.

Wewe umekua maduka yamejaa. Mimi nilikuwa msichana mdogo mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Hapo Kakira, jirani kabisa na kwenu, kiwanda chao cha sukari kilizorota, na miaka iliyofuata sukari ikawa kitu cha magendo. Mama alituamsha gizani tukapange foleni, na mara nyingi tulirudi na kikapu kitupu. Aliyepata kilo moja aliificha hata jirani asiione. Kisha, Mei 1987, fedha zikabadilishwa: shilingi 100 za zamani zikawa 1, na serikali ikakata asilimia 30 juu yake. Walioweka akiba ya miaka chini ya godoro waliiona ikiyeyuka.

Ila kujichukia sikubali. Shida zile zinaeleza kufuli; hazielezi kimya chake ulipofaulu mtihani. Mtoto wa miaka minane angeyajuaje ya magendo, na hakuna aliyemsimulia? Uliumia kweli. Na karo alilipa kweli, muhula kwa muhula, huku wewe ukimwona bahili. Yote mawili ni yake, mwanangu, usimkate nusu.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, kaka zako wakisema alikuwa mpole, usiwapinge mbele za watu, wala usiitikie usichokiamini. Sema tu, "Hakukosa kunilipia muhula hata mmoja." Dua mwombee hata kama hasira ingalipo.

Kabla ya hapo, mwendee yule shangazi uliyemtaja, dada yake mkubwa. Nenda peke yako, na noti moja mkononi. Mwulize kwa nini hazikupelekwa kubadilishwa, kisha unyamaze, umwache aseme.