Maswali na majibu: Tone likienea kiooni, rangi inasema kweli?

Swali: Rangi yoyote inayong'aa itafaa kuchunguza tone la maji na ethanoli?

Hapana. Rangi hizi hung'aa zikimulikwa. Mng'ao wa mojawapo, fluoreseini, hufifia asidi ikizidi. Ule wa rangi nyingine, rodamini B, hupungua kwa takriban asilimia 2 kila joto linapopanda nyuzi moja. Pima kwanza pembe ya mgusano, yaani pembe ambayo ukingo wa tone hufanya na kioo, bila rangi, kisha ukiwa umeitia. Pembe zikitofautiana, rangi yako imeharibu jaribio.

Swali: Ukingo wa tone langu unang'aa zaidi. Ndiko ethanoli iliko?

Hapa ndipo wengi wanapotea. Ethanoli huvukiza upesi kuliko maji, hasa ukingoni ambako utando ni mwembamba, kwa hiyo ukingo hubaki na maji mengi. Mvutano wa uso, yaani nguvu inayoukaza uso wa kimiminika, kwa maji ni kama milinyutoni 72 kwa mita. Kwa ethanoli ni 22 tu. Penye maji mengi huvuta kimiminika kutoka katikati. Nguvu hiyohiyo hupandisha machozi ya divai, yaani matone yanayotiririka ndani ya glasi juu ya divai, jambo alilolieleza James Thomson mwaka 1855.

Mkondo huo hubeba rangi na kuilundika ukingoni. Tena rodamini B hung'aa zaidi ndani ya ethanoli kuliko ndani ya maji, na unene wa tone nao huongeza mwanga. Kamera inakupa namba moja yenye sababu tatu! Weka kamera ya pili ubavuni ipime unene, na uandae michanganyiko ya viwango unavyovijua, yote kwa kina kimoja, ndiyo iwe kipimo chako. Bila hivyo, usichore ramani ya ethanoli.

Swali: Naosha slaidi kwa sabuni, mbona pembe inabadilika kila siku?

Nimeshalijibu hili mara nyingi. Sabuni isiyosuuzwa ikaisha hushusha mvutano wa uso. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, tena na tena, kausha, pima papo hapo. Kioo safi hunasa mafuta ya hewani. Na ukiambiwa uchanganye asidi ya salfa na peroksaidi ya hidrojeni ili kusafisha kioo, bila msimamizi, kataa. Mchanganyiko huo ukikutana na asetoni unaweza kulipuka.

Swali: Niongeze rangi picha ing'ae?

Usiongeze. Ikizidi, molekuli za rangi huzimana mng'ao zenyewe.

Swali: Taa ya urujuanimno ya kukagulia noti inatosha kumulika rangi?

Kwa kwinini, dawa ya malaria ambayo nayo hung'aa, ndiyo. Rodamini B inataka mwanga wa kijani, na kichujio mbele ya lenzi kinachopitisha rangi ya chungwa na nyekundu.