Deni la kibanda umiza

Mimi ni mshereheshaji wa harusi hapa Mtwara, na vijana wanaoanza kazi hii huniuliza nilisomea wapi. Nawatajia kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea video, cha Magomeni ya hapa hapa: turubai juu, mabenchi ya mbao, na televisheni ya kichogo ambayo mwenyewe aliifunika kanga ili isile vumbi. Hapo ndipo nilipomwona Mzee Majuto, mchekeshaji wa filamu. Siku nisipokuwa na kiingilio, nilifagia.

Nilichokipata kwa Majuto ni kunyamaza. Mtazameni tena vizuri. Anaambiwa jambo, hajibu. Anamkodolea macho msemaji, shingo inarudi nyuma kidogo, watu wameshaanza kucheka na yeye hajafungua mdomo. Tulikuwa tunasukumana tuuone ule uso.

Sasa kosa langu. Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Mikindani, nikabeba utani wake wote kama ulivyo, mpaka sauti. Wakati wa kula bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akaniita pembeni: "Mjukuu wangu, hayo ya Majuto tumeshayaona kwenye video. Ya kwako yako wapi?" Sikumaliza hata pilau. Ukimpenda msanii, jifunze anavyofanya kazi. Maneno yake mwachie mwenyewe.

Punk, muziki wa gitaa wa kasi na kelele, ilinikuta baadaye, miaka ile wageni wa gesi walipojaa mjini. Binamu yangu alikuwa dereva wao, akapewa flashi. Ndani yake walikuwamo Ramones wa New York, albamu yao ya kwanza ya 1976: nyimbo 14, na zote zinaisha kabla ya nusu saa. Nilidhani spika imekufa. Watu wanne wasio ndugu, kila mmoja kajiita Ramone, kama kijiwe kizima kijipachike ukoo mmoja! Gitaa linakwaruza, mbwembwe hakuna, wimbo ukishasema lake unaondoka. Walionilainisha ni The Clash wa London, kwa sababu kwenye albamu yao ya 1977 waliimba upya reggae ya Junior Murvin wa Jamaika, na reggae huku pwani haihitaji mkalimani.

Mnaweza kucheka, lakini watu hao ndio waliookoa harusi moja ya Naliendele. Jenereta lilizima katikati ya utambulisho. Zamani ningesubiri fundi huku najifuta jasho. Siku ile nilipanda juu ya kreti la soda nikaendelea kwa koo langu, haraka haraka, shangazi baada ya shangazi, na ukumbi ukachangamka kuliko umeme ulipokuwepo. Nasaha zangu nazo zimeshuka kutoka robo saa hadi dakika mbili. Hakuna aliyelalamika.

Shukrani, basi. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti 2018 na sikuwahi kumwandikia hata mstari. Ramones wanne wa mwanzo wote wameshakufa. Wa mwisho, Tommy, alikwenda 2014. Kama msanii wako yu hai, mwandikie wiki hii. Na usimwandikie "nakukubali sana", hiyo anaipata kila siku. Mtajie kitu kimoja alichokufanyia, siku gani, mahali gani. Kama anapanda jukwaani, kata tiketi. Usiombe kuingizwa bure kwa sababu eti unampenda.

Na aliyekufikishia hizo kazi naye ana haki yake. Idi iliyopita nilimtafuta yule mwenye kibanda. Siku hizi anauza ming'oko. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote: uso wa Majuto, bibi wa Mikindani, kreti la soda. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama tu, kimya, shingo imerudi nyuma, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kucheka.

"Ulikuwa unafagia mbele tu," akasema. "Nyuma nilikuwa nafagia mwenyewe. Lete mia yangu."