Tamasha la kiangazi kituoni: vibanda saba vya nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mlezi wa wazee, natokea Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa pili kwenye kituo kimoja nje kidogo ya Tokyo. Mwezi wa nane tuna natsumatsuri, tamasha la kiangazi, na safari hii nimekabidhiwa michezo. Wazee wetu ni 24. Tisa wako kwenye viti vya magurudumu, sita wamepooza upande mmoja kwa kiharusi, karibu nusu wana ugonjwa wa kusahau, na wanne hawanywi kitu mpaka kitiwe unga wa kukifanya kizito. Mwaka jana tuliweka vibanda saba tukawazungusha wote. Nusu saa haijaisha wengi wamesinzia, na bibi mmoja nusura aanguke akirusha pete. Nipunguze nini? Na naweza kuingiza mchezo wa kwetu?

JIBU: Marahaba mwanangu, ila mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia. Nimewahi kusimamia matamasha ya namna hiyo, na la kwanza liliharibika kama lako.

Vibanda saba ni vingi mno. Kumsukuma mzee kutoka kibanda hadi kibanda, kufunga breki, kumweka sawa, kisha kuanza tena, kunammaliza nguvu kabla hajacheza. Weka michezo mitatu. Wagawe wazee kwenye meza za watu watano au sita, wakae, na michezo ndiyo iwafuate. Jumla isizidi saa moja na nusu, mapumziko ya kunywa yakiwemo. Fanya asubuhi baada ya chai au mara tu baada ya usingizi wa mchana. Ukingoja jioni, wenye ugonjwa wa kusahau huanza kuhangaika na kudai kwenda nyumbani. Tena iwe ndani, kwenye kiyoyozi. Japani wana kipimo kiitwacho WBGT, kinachojumlisha joto, unyevu na mionzi ya jua. Kikifika 31, mzee yuko hatarini hata akiwa amekaa tu, na Agosti hapo Tokyo namba hiyo si ajabu.

Kabla ya kuchagua mchezo, chukua orodha ya wazee wako na uandike mbele ya kila jina mkono upi unafanya kazi, unafika wapi, jicho linaona upande gani. Wengi huanza na mchezo kisha wakatafuta wa kuucheza, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo mara nyingi hausahau mkono wa kushoto tu, bali upande wote wa kushoto wa dunia. Ukimwekea beseni kushoto atakuambia hakuna beseni. Kwenye mazoezi ningemlazimisha atafute, lakini siku ya tamasha mwekee katikati au kulia, afurahi.

Sasa yule bibi wa pete. Nadhani mti wa pete ulikuwa sakafuni na miguu yake ilikuwa juu ya vibao vya kiti. Mtu akiinama mbele namna hiyo, uzito wote unakwenda kwenye vibao na kiti kinapinduka naye. Kunja vibao, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, kaza breki, na mti wa pete uuweke juu ya meza, mita moja mbali naye au pungufu. Pete zitengeneze kwa kamba nene ili mkono wenye vidole vigumu uzishike. Anayetetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson mhesabie kwa sauti, moja, mbili, tatu, arushe kwenye tatu. Mdundo humsaidia mwili kuanza.

Mchezo wa kuteka samaki kwa kichoteo cha karatasi, ule wa poi, usiuache. Hakuna mzee wa Kijapani asiyeukumbuka. Weka mipira na samaki wa plastiki badala ya wazima, wakubwa kiasi cha kutoingia mdomoni, kwa sababu mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kumla. Maji yawe ya vidole vinne tu, na mlezi asibanduke hapo, maana wapo watakaotaka kuyanywa. Beseni likae kwenye kimo cha mapaja, si chini. Vichoteo huuzwa kwa namba, na namba ikiwa ndogo karatasi ni nene zaidi, basi nunua namba 4 au 5 kwa wenye mikono mizito. Lakini usiweke kisichochanika kabisa! Raha ya mchezo ni ile karatasi inayokaribia kukatika.

Wa tatu, kupasua tikiti maji, ndio ninaoupenda kuliko yote. Kwa kawaida mtu hufungwa macho, akapewa fimbo, wenzake wakamwelekeza kwa kelele. Kumfunga macho mzee asiye na mizani ni kutafuta nyonga iliyovunjika. Basi geuza. Afungwe macho mlezi, na wazee ndio wapige kelele: *migi*, kulia, *hidari*, kushoto, *mae*, mbele. Aliyepooza mikono yote miwili anacheza sawa na mwenzake. Nimewahi kumsikia babu aliyekaa kimya wiki nzima akimfokea kijana wa watu kwamba hajui kulia na kushoto. Ukiweza, jitolee wewe mwenyewe ufungwe kitambaa. Watakupoteza makusudi, na hiyo nayo ni burudani.

Bunduki za kizibo, zile za kuchezea za kulenga shabaha kwenye matamasha, ningeziacha. Mwenye miaka 90 leo alikuwa mtoto vita vilipoisha mwaka 1945, na si kila mmoja anataka kuona mtutu mezani. Fataki nazo uliza kwanza.

Ngoma ya bon odori, ile ya pamoja ya matamasha ya kiangazi, wasinyimwe walio kwenye viti. Chagua Tanko Bushi, wimbo wa wachimba makaa ya mawe wa Kyushu. Miondoko yake ni kazi yenyewe: kuchimba, kubeba begani, kutazama nyuma, kusukuma toroli. Yote inachezwa mtu amekaa, hata kwa mkono mmoja. Usiwafundishe. Wewe icheze vibaya, watakurekebisha.

Kuhusu chakula nitakuwa mkali. Barafu ya kukwangua, kakigori, inaonekana ni chakula cha kutafuna, lakini ikifika mdomoni inakuwa maji mepesi. Wale wanne watapaliwa, na maji yakiingia kwenye mapafu, nimonia haiko mbali. Kaa na muuguzi na mtu wa lishe wiki mbili kabla, watengenezewe jeli laini ya sharubati ileile, rangi ileile, kwenye bakuli lilelile, wasijione wametengwa. Mochi na dango, yale matonge ya mchele, zinanata, zisipite hata kwa bahati mbaya. Andika majina ya wanne hao kwenye karatasi ibandikwe mahali pa kugawia chakula, kwa sababu siku hiyo ndugu watakuja na mifuko yao, na mkwe mwenye huruma hajui lolote.

Ukiwavika yukata, kimono nyepesi ya kiangazi, upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti, na wazee wataona kabla yako.

Mchezo wa kwetu ninao mmoja: mdako. Wajapani wana otedama, vifuko vidogo vya kitambaa vinavyojazwa maharage mekundu ya azuki. Aina moja ya kuvicheza ni kurusha kimoja juu na kukusanya vingine kabla hakijatua, kama tulivyokuwa tunafanya na kokoto uani. Vishone vikubwa kiasi cha ngumi, mshono uwe wa nguvu maharage yasimwagike. Kaa na bibi wawili watatu, anza mdako wako taratibu, kisha sukuma vifuko mbele yao bila kusema kitu. Subiri. Mikono ndiyo itakayokumbuka kwanza, na huenda mmoja akakushinda.